Gunia la mzee na kizibo kilichoruka

Jumamosi moja nilikwenda Buguruni kufuatilia habari ya vyuma chakavu, ile biashara inayolaumiwa kila mfuniko wa mtaro unapopotea mjini. Habari yenyewe haikutoka (mhariri aliitupa kapuni, hayo tuyaache). Lakini nilirudi nyumbani na swali ambalo sikuweza kulitupa kapuni.

Pale kwenye mzani alikuwapo mzee mmoja na gunia la makopo ya soda na bia. Alikuwa ameyaokota kwa siku 3, ufukweni na nje ya kumbi za harusi, akayakanyaga moja moja yakawa bapa, akalishindilia gunia mpaka mdomoni. Likapandishwa mzanini. Sindano ikasogea kidogo, ikasimama. Kilo 4.

Mzee akautazama mzani, kisha akanitazama mimi na kidaftari changu. "Mwanangu, wewe umesoma. Nimeyahesabu haya, yamezidi 300. Mbona hayana uzito?"

Nikacheka kicheko cha aibu. Ndugu zangu, mimi ni mtu wa HGL. Fizikia tuliagana kidato cha pili, na hakuna kati yetu aliyelia. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, nitakutafutia jibu." Akanijibu marahaba, lakini kwa uso wa mtu aliyekwisha kuwasikia waandishi wengi wakiahidi.

Nimesoma tangu siku ile. Leo nalipa deni, na nianze na kopo lenyewe.

Kopo la chakula lina zaidi ya miaka 200. Mwaka 1810 Mwingereza Peter Durand alipata hataza ya kuhifadhi chakula ndani ya vyombo vya bati, na mwaka 1813 kiwanda cha Bryan Donkin na wenzake, Bermondsey, London, kilikuwa kinayauza. Kila kopo lilitengenezwa kwa mkono. Bati linakunjwa liwe bomba, ubavu unaunganishwa kwa risasi, kinawekwa kitako, kisha mfuniko. Vipande 3. Kwa zaidi ya karne moja makopo yalibaki hivyo, hata mashine zilipochukua nafasi ya mafundi.

Kopo lililo mkononi mwako ni jamii nyingine. Mwaka 1959 kampuni ya bia ya Coors, huko Golden, Colorado, Marekani, ilitoa bia kwenye kopo la alumini la vipande 2 tu: mwili na mfuniko. Mwaka 1963 Reynolds Metals wakaja na kopo la aunsi 12, na mwaka 1967 Coca-Cola na Pepsi wakaingia. Hebu lichunguze la kwako. Ubavuni hakuna mshono, na kitako hakikuunganishwa. Kopo zima, ukiacha mfuniko, limetokana na kipande kimoja cha duara.

Linatokaje? Fikiria kinu na mchi, lakini umevilaza. Duara la alumini lenye upana wa sentimeta 14 hivi linakandamizwa kwanza liwe kikombe kifupi kipana. Kikombe hicho kinaingia kwenye mashine ya pili. Huko kuna mkono mrefu wa chuma unaokwenda mbele na kurudi kama pistoni, na ncha yake ni mchi wenye upana wa kopo. Mchi unakisukuma kikombe kipite ndani ya pete ngumu zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, kila pete ikiwa finyu kuliko iliyotangulia. Ukisukuma chapati inakuwa nyembamba na pana. Alumini hapa inakuwa nyembamba na ndefu. Mwisho wa safari mchi unagonga kiunzi chenye umbo la kuba, ndiyo sababu kitako cha kopo kimebonyea kwa ndani. Pigo zima linachukua sehemu ndogo ya sekunde, na mashine moja inaweza kutoa makopo 300 na zaidi kwa dakika.

Sasa sikiliza hesabu. Bamba linaanza na unene wa karibu milimita 0.3. Likitoka kwenye pete ya mwisho, ukuta una karibu milimita 0.1, yaani kama unywele wako. Ukuta huo utabeba soda yenye msukumo unaoweza kukaribia mara 3 ya upepo wa tairi la gari dogo.

Hapo ndipo penye kazi. Ule mkono wa chuma ni mzito, umelala, na unachomoza mbele bila kushikwa upande wa mchi. Kitu kizito kilicholala lazima kiiname, japo kwa kiasi ambacho jicho halioni. Mchi ukiinama kwa nusu tu ya unene wa unywele, kopo linatoka na upande mmoja mnene na mwingine umechanika. Mkono unahitaji kushikwa kwa uthabiti usiochezacheza. Lakini ukiubana chuma kwa chuma, kwa kasi ile utalika na kuungua. Unakishikaje kitu ambacho hakitakiwi kuguswa?

Jibu lake lilianza na kero. Na hapa turudi nyuma, London, mwaka 1883.

Chama cha wahandisi wa mitambo cha Uingereza kilikuwa kimempa kazi mhandisi Beauchamp Tower ya kupima msuguano kwenye beringi za aina ile iliyobeba mabehewa ya reli. Alikuwa na ekseli inayozunguka, chini imechovya kwenye oili, juu imekaliwa na nusu beringi iliyobeba mzigo. Juu ya beringi kulikuwa na tundu, lililotobolewa ili oili iingizwe kutokea hapo. Mashine ilipowashwa, oili badala ya kushuka ikapanda. Ikafurika juu ya beringi na kuchafua kila kitu.

Wakaliziba tundu kwa kizibo. Kizibo kikasukumwa nje. Wakapigilia kizibo cha mti. Nacho kikatoka taratibu, kama mtoto anayekataa kulala.

Wangeweza kulaani na kutafuta kizibo kigumu zaidi. Wangapi kati yetu tungefanya hivyo? Tower alifunga geji. Mzigo wote aliouweka, ukigawanywa juu ya eneo la beringi, ulikuwa ratili 100 kwa kila inchi ya mraba. Sindano ya geji ikapita 200, ikafika mwisho wake. Maana yake ni moja tu: beringi haikuwa imekaa juu ya ekseli. Ilikuwa inaelea juu ya oili. Vyuma vile viwili, ambavyo kila fundi aliamini vinasuguana, vilikuwa havigusani kabisa.

Mwaka 1886 profesa Osborne Reynolds wa Manchester (wale wa makopo si jamaa zake, ni majina tu) akaandika hesabu inayoeleza sababu. Ekseli ikizunguka huiburuta oili na kuiingiza kwenye nafasi inayozidi kuwa finyu, mfano wa kabari. Oili haina pa kukimbilia, basi inanyanyua. Kama umewahi kupanda bodaboda siku ya mvua, tairi likapita kwenye maji kwa kasi na usukani ukawa mwepesi ghafla, unaijua kabari ya Reynolds, na ushukuru uko hai kusoma haya. Ndani ya injini ya daladala, krenki inayozunguka inaelea kwa namna hiyohiyo.

Tatizo likatatuliwa? Bado. Kabari ina masharti: inahitaji mwendo. Kitu kikisimama, kabari inakufa, na chuma kinashuka juu ya chuma. Kwa ekseli inayozunguka saa nzima si neno. Lakini mkono wa mashine ya makopo unakwenda mbele, unasimama, unarudi, unasimama. Makopo 300 kwa dakika ni kusimama mara 600 kwa dakika. Kabari haiwezi kutegemewa na kitu kinachosimama mara 10 kila sekunde.

Ukombozi ulitoka kwa Mfaransa aliyekwisha kufa. Louis-Dominique Girard alikuwa mhandisi wa mitambo ya maji, na katikati ya karne ya 19 alikuja na wazo lake: usisubiri mwendo utengeneze msukumo, utengeneze mwenyewe kwa pampu. Sukuma maji chini ya kitu kizito nacho kitanyanyuka, hata kikiwa kimesimama. Alibuni hata reli isiyo na magurudumu, ambayo mabehewa yake yangeteleza juu ya utando wa maji. Mwaka 1871, wakati wa vita vya Ufaransa na Prussia, aliuawa kwa risasi. Reli yake ilikuja kuonyeshwa Paris mwaka 1889, kwenye maonyesho yaleyale yaliyozindua mnara wa Eiffel. Watu waliupenda mnara. Reli ya maji ikasahauliwa.

Wazo halikusahauliwa. Darubini kubwa ya Hale kwenye mlima Palomar, California, iliyozinduliwa mwaka 1948, ina uzito wa tani zipatazo 500, na zote zinaelea juu ya oili iliyosukumwa kwa pampu. Mota ndogo tu inatosha kuizungusha ifuate nyota.

Wazo hilohilo ndilo linalofanya kazi kwenye viwanda vya makopo. Mkono wa chuma unapita ndani ya beringi yenye vijishimo kuzunguka pande zake. Pampu inaleta oili kwa nguvu katika kila kijishimo, kupitia tundu jembamba. Utamu wake uko hapa. Mkono ukitaka kuinama, nafasi ya chini inapungua. Oili ya kijishimo cha chini inakosa njia ya kutoka, msukumo wake unapanda. Juu nafasi imepanuka, oili inavuja kwa urahisi, msukumo unashuka. Chini kuna nguvu, juu kuna ulegevu, basi mkono unarudishwa katikati. Hakuna kompyuta hapo, wala mtu wa kuamua. Ni oili tu ikitafuta njia ya kutokea, kama ilivyofanya kwenye tundu la Tower.

Ina kero zake. Kwenye zile pete humwagwa maji yenye dawa ili kupooza alumini, na ule mkono unatoka kwenye oili kwenda kwenye maji na kurudi, mamia ya mara kwa dakika. Katikati kuna sili za kuvitenganisha. Sili zikichoka, oili inaingia kwenye maji na maji kwenye oili, na mafundi wanaanza usiku mrefu.

Sasa turudi Buguruni, kwenye mzani.

Kopo la alumini la aunsi 12 la miaka ya 1960 lilikuwa na karibu gramu 19. La leo lina karibu gramu 13. Sitaipa oili sifa zote: alumini yenyewe imeboreshwa, umbo la kitako limebadilishwa, shingo na mfuniko vimepunguzwa. Lakini huwezi kuthubutu kuupunguza ukuta kama mchi wako unacheza. Gramu 6 unaziona ndogo? Kwenye makopo bilioni 1 ni tani 6,000 za alumini ambazo kiwanda hakikununua. Na alumini inakula umeme kama mchwa kwenye mti, kwa hiyo dunia nayo imepumua kidogo.

Lakini kuna mtu mmoja ambaye analipwa kwa kilo. Kwa kopo la gramu 19, kilo moja ni makopo 53. Kwa kopo la gramu 13, ni makopo 77. Kila kilo, mzee wangu anainama mara 24 zaidi. Na kazi yake si ndogo: kuyeyusha kopo kuukuu kunaokoa karibu asilimia 95 ya nishati inayohitajika kutengeneza alumini mpya. Mnyororo mzima, kuanzia kizibo cha Tower hadi tanuru, umekokotolewa kwa unywele. Mgongo wake ndio haukuwemo kwenye hesabu.

Nilirudi juzi, nikamkuta. Nikamweleza habari ya kizibo, ya kabari, ya Mfaransa na reli yake. Alisikiliza kwa makini kuliko mhariri wangu. Nilipofika kwenye 53 na 77 alinyamaza, akalikanyaga kopo moja, akaliokota.

"Kwa hiyo wao wameacha kuinamisha chuma," akasema, "wakaniinamisha mimi."

Sikuwa na la kuongeza, nikafunga kidaftari.

Haya, jioni njema ndugu zangu. Na soda ikiisha, kopo usilitupe mtaroni. Liache mahali linapoonekana. Kuna mtu anatafuta 77.