Barabara Kuu ya Isiolo–Moyale (A2)

Barabara ya Isiolo–Moyale ni sehemu ya barabara kuu A2 ya Kenya, na pia ni kipande cha njia ya Cairo hadi Cape Town. Ina urefu wa takriban kilomita 500. Kutoka Isiolo inapita Archer's Post, Merille na Laisamis, inapanda hadi mji wa Marsabit, kisha inashuka jangwa la Dida Galgalu kuelekea Turbi na Moyale, mpakani na Ethiopia.

Kwa miaka mingi lami iliishia Isiolo. Mbele ya hapo ilikuwa mawe na vumbi. Malori ya mifugo yalichukua siku mbili au tatu, mara nyingi kwa msafara wenye askari kwa kuhofia majambazi. Ng'ombe walifika sokoni Nairobi wamekonda, wengine wamefia njiani, na hasara yote ilikuwa ya mwenye mali. Mvua ikinyesha, magari yalikwama.

Ujenzi wa lami ulianza mwaka 2007 kati ya Isiolo na mto Merille, kilomita 136, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Umoja wa Ulaya ulichangia kipande cha Merille–Marsabit. Kutoka Marsabit hadi Moyale ikagharimia tena benki hiyo. Sasa safari ni ya siku moja.

Kituo cha pamoja cha forodha Moyale kilizinduliwa Desemba 2020. Madereva wakumbuke kwamba Kenya huendesha kushoto, Ethiopia kulia. Usiku ngamia huvuka barabara, na hawaogopi honi.