Malazi ya Wasafiri Same na Milima ya Upare

Malazi ya wasafiri katika Milima ya Upare yamefuata mambo mawili tangu zamani: maji na njia. Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Pangani kwenda Kilimanjaro ilipita kandokando ya milima hiyo. Baadhi ilifuata bonde la Mto Pangani upande wa magharibi. Mingine ilipita mashariki, kwenye vituo vya Gonja na Kisiwani, kuelekea Ziwa Jipe na Taveta.

Nyika inayoizunguka milima hiyo ni kame, kwa hiyo kituo kizuri kilikuwa kile kilichopo mahali ambapo kijito kinateremka kutoka juu. Kiongozi wa msafara alitazama pia kama chakula kinauzwa na nani mwenye mji. Chakula kilitoka kwa Wapare, waliolima kwa mifereji na ndiva, yaani mabwawa ya kukinga maji usiku ili yamwagilie mashamba mchana. Wapagazi walilala ndani ya boma la miiba, moto ukiwaka usiku kucha. Usalama ulitegemea hongo, yaani malipo ya kupita, na maelewano na watawala, kama Semboja wa Mazinde, aliyekuwa na nguvu katika njia hiyo.

Wamisionari waliofika enzi ya Wajerumani walichagua milimani. Walutheri wa Leipzig walianza Shighatini, Upare Kaskazini, mwaka 1900. Waadventista Wasabato walianza Giti, Upare Kusini, mwaka 1903. Huko juu kulikuwa na baridi, maji na watu wengi, na malaria ilikuwa haba kuliko tambarare. Kwa kuwa hapakuwa na hoteli, mgeni kutoka Ulaya aliyepanda milimani alitegemea kulazwa misheni.

Reli ya kutoka Tanga ilibadili mambo. Ilipita upande wa magharibi na kufika Moshi mwaka 1911. Gonja na Kisiwani, vituo vya misafara ya upande wa mashariki, vikabaki kando ya njia kuu. Same, iliyoko upande wa magharibi, ikapata stesheni, na chini ya Waingereza ikawa makao makuu ya wilaya. Watu wakaanza kuteremka huko kwa kesi, kodi na safari. Mwanzoni mwa mwaka 1945, maelfu ya Wapare waliopinga kodi ya mbiru walishuka Same na kupiga kambi ili wasikilizwe na serikali.

Baada ya uhuru, basi lilichukua abiria wengi wa reli, na gesti zikasogea kandokando ya barabara kuu na stendi. Gesti ya kawaida ina kitanda, chandarua, ndala mlangoni na ndoo ya maji ya kuoga. Anayetaka choo na bafu ndani huomba chumba cha selfu. Kabla ya kupewa ufunguo, mgeni huandika kwenye daftari jina lake, anakotoka na anakokwenda. Raia wa kigeni huongeza namba ya pasipoti.

Tangu miaka ya 1990, utalii wa utamaduni umewarudisha wageni milimani, hasa Usangi na Mbaga. Hulala katika nyumba za wenyeji au loji ndogo, wakapanda kuelekea kilele cha Shengena, chenye urefu wa mita 2,462, au kutembelea ndiva na mashamba. Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu 1951, nayo ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Lango lake la Zange liko kilomita chache tu kutoka mjini Same, kwa hiyo mtalii anaweza kulala huko na kuingia hifadhini asubuhi.

Malazi ya anayekwenda milimani hutegemea usafiri. Magari mengi ya vijijini hushuka alfajiri na kupanda tena mchana, na wakati wa masika barabara za udongo huteleza sana. Anayefika Same jioni kwa kawaida hulala mjini. Anayefika kabla ya adhuhuri anaweza kwenda kulala Mbaga siku hiyohiyo.