Jina Lililofichwa Ndani ya Ua

Haidrenjia ni ua lisilo na rangi moja. Katika udongo wenye asidi mizizi hupata alumini, na ua likawa la buluu. Udongo ukizidi chokaa, mche uleule hutoa maua ya waridi. Mkulima yeyote aweza kujifunza hayo. Mimi, mwalimu wa zamani wa walimu, huvutwa zaidi na jina lake moja la kale.

Mwaka 1823 daktari Mjerumani, Philipp Franz von Siebold, alifika Dejima, kisiwa kidogo cha Nagasaki ambako Waholanzi waliruhusiwa kufanya biashara na Japani. Huko aliishi na Kusumoto Taki, na mwaka 1827 wakapata binti, Ine. Mwaka 1829 Siebold alifukuzwa nchini kwa kosa la kupata ramani zilizokatazwa. Sheria haikumruhusu Taki kumfuata.

Huko Ulaya, Siebold aliandika juu ya mimea ya Japani, na haidrenjia moja akaiita Hydrangea otaksa. Hakueleza kwamba Otaki-san ndivyo alivyoitwa mama Ine.

Wataalamu hawalitumii tena jina hilo, maana Thunberg wa Sweden alikwisha kuupa mmea huo jina mwaka 1784. Nagasaki, hata hivyo, imelifanya haidrenjia ua lake rasmi.

Lakini ua halilei mtoto. Taki ndiye aliyebaki na Ine. Waliokuwa wanafunzi wa baba yake wakamfundisha, naye akawa daktari. Mbele ya macho ya mwalimu, hiyo ndiyo kumbukumbu iliyo kubwa.