Vita vya Mbaruk Wawili

Vita vilivyotikisa pwani ya Kenya mwaka 1895 na 1896 vilikuwa na Wamazrui wawili walioitwa Mbaruk bin Rashid. Wote wawili walipigana na Waingereza, na muda mfupi baada ya mapigano kuanza wakajikuta upande mmoja. Wa kwanza alikuwa mkuu wa Gazi, kusini mwa Mombasa. Wa pili alitoka Takaungu, kaskazini, karibu na Kilifi. Kijana aliyepewa kiti cha Takaungu, kiti ambacho ndicho kilichozusha vita, aliitwa Rashid bin Salim. Na baba mzazi wa Mbaruk wa Gazi, liwali wa mwisho wa Kimazrui mjini Mombasa, naye alikuwa Rashid bin Salim.

Anayekutana na majina hayo kwa mara ya kwanza anaweza kudhani Mbaruk wa Gazi alipigana na baba yake. Wenyewe hawakubabaika. Katika nyumba nyingi za pwani mtoto hupewa jina la babu, au la ami aliyetangulia mbele ya haki, kwa hiyo majina yale yale hurudi kila baada ya kizazi au viwili: Ahmed, Salim, Rashid, Khamis, Ali, Mbaruk. Ukitaka kujua nani ni nani, unapanda ngazi moja zaidi katika nasaba. Wa Gazi ni Mbaruk bin Rashid bin Salim. Wa Takaungu ni Mbaruk bin Rashid bin Khamis. Babu ndiye anayewatenganisha, na kwa bahati mbaya babu ndiye wa kwanza kuachwa wakati maafisa wa kigeni wanapoandika barua zao.

Watu hawa wawili hawakupigania jambo moja, ndiyo maana nataka watajwe mbalimbali.

Mbaruk wa Gazi alirithi kilio cha Mombasa. Wamazrui waliutawala mji huo kwa karibu karne nzima, mpaka mwaka 1837 Seyyid Said bin Sultan alipouchukua. Viongozi wao, Rashid bin Salim akiwa miongoni mwao, walikamatwa na kupelekwa Bandar Abbas, upande wa Uajemi, na hawakurudi. Waliosalimika waligawanyika: baadhi wakaelekea kusini wakakaa Gazi, wengine wakaenda kaskazini wakakaa Takaungu. Mwana wa liwali aliyepelekwa uhamishoni alikulia katika habari hiyo, akawa mwiba kwa masultani wa Unguja. Enzi za Seyyid Barghash alipambana na majeshi ya sultani zaidi ya mara moja, na mwaka 1882 jeshi lililoongozwa na Lloyd Mathews lilimfuata hadi ngome yake ya Mwele, huko bara nyuma ya Gazi. Kila mara alirudi kusimama. Kufikia mwaka 1895 alikuwa mzee mwenye jina lililojulikana pwani nzima.

Takaungu mambo yalikwenda vingine. Wamazrui wa huko walijenga mji wa mashamba na biashara ya nafaka, wakawa na ujirani wa karibu na Wagiriama, na kwa muda mrefu hawakuwa na haraka ya kugombana na Unguja. Vita vilianza kwa mauti ya kawaida. Mwezi Februari 1895 alifariki mkuu wa mji, Salim bin Khamis. Wakati huo ukanda wa pwani, ingawa ulikuwa mali ya sultani, uliendeshwa na Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Maafisa wa Kampuni walimtambua mtoto wa marehemu, Rashid bin Salim, kijana waliyemzoea na waliyemwona rafiki. Wakampita mtoto wa ami yake, Mbaruk bin Rashid, aliyemzidi umri na ambaye wengi walimwona kuwa na haki kubwa zaidi ya kiti.

Huo ulikuwa mzozo wa urithi ndani ya nyumba moja. Ungeweza kukaliwa kikao na wazee. Lakini mamlaka ya nje yalikwisha kuchagua mtu wake, na kumkataa kukahesabiwa kuwa ni kuikataa serikali. Arthur Hardinge, Balozi Mkuu wa Uingereza aliyekaa Unguja, aliamua kutumia nguvu. Mwezi Juni 1895, mwezi ule ule ambao Uingereza ilitangaza himaya yake ya Afrika Mashariki na kuanza kuichukua nchi kutoka mikononi mwa Kampuni, jeshi lilishambulia kijiji cha Gonjoro ambako Mbaruk wa Takaungu alijikusanyia watu. Akalazimika kukimbia. Hatimaye akaelekea kusini, kwa jamaa yake.

Hapo ndipo majina mawili yalipokutana. Mbaruk alibisha hodi kwa Mbaruk. Mzee wa Gazi alitakiwa na Waingereza ama amtoe mgeni wake ama ahesabiwe adui. Hakumtoa. Ninauona uamuzi huo kuwa ndio mkubwa kuliko yote katika habari hii, maana mzee alikuwa na mengi ya kupoteza. Mpaka siku ile ugomvi wa Takaungu haukumhusu, na upande wa pili ulikuwa na manowari.

Tarehe 17 Agosti 1895 kikosi cha Admirali Harry Rawson kiliiteka Mwele. Rawson huyo huyo ndiye aliyelipiga mabomu jumba la sultani mjini Unguja mwaka mmoja baadaye, katika vita vya chini ya saa moja dhidi ya Khalid bin Barghash. Lakini kuanguka kwa Mwele hakukumaliza kitu. Mapigano ya kuvizia yalienea kutoka Vanga hadi Malindi, Wagiriama wakaingizwa ndani yake, na serikali ililazimika kuleta askari kutoka India. Mwezi Aprili 1896 Mbaruk wa Gazi alivuka mpaka akiwa na wafuasi zaidi ya 1,000, akajisalimisha kwa Wajerumani, kwa gavana Hermann von Wissmann. Alipewa hifadhi Dar es Salaam, akaishi huko mpaka kufariki mwaka 1910. Mji huo huo ukampokea Khalid bin Barghash baada ya kushindwa kwake.

Katika masimulizi mengi ya vita hivi Mbaruk mmoja humeza mwenzake. Vita vinaitwa uasi wa Mbaruk, na anayefikiriwa ni yule wa Gazi, kwa sababu alijulikana tangu zamani na kwa sababu mwisho wake unaeleweka. Matokeo yake ni mabaya. Mambo ya mwaka 1895 yanaonekana kama tabia ya mzee aliyezoea kuasi, jambo lililowafaa sana maafisa wa wakati ule. Barua yoyote iliyotaka kuonyesha kwamba serikali haikukosea ingetosheka na maelezo hayo. Watenganishe watu wawili, na chanzo kinajitokeza: afisa wa Kampuni aliyeingilia urithi wa watu, na mtu mzima aliyenyimwa kiti bila kusikilizwa.

Mkanganyiko wa aina hii hauishi kwa wapiganaji. Unguja walitawala Khalifa wawili: Khalifa bin Said, aliyekaa kitini miaka miwili tu, 1888 hadi 1890, na Khalifa bin Harub, aliyekaa kuanzia 1911 hadi 1960. Na Wamazrui wenyewe wameendelea kuzungusha majina yao hata katika elimu. Sheikh Ali bin Abdalla alikuwa mwanachuoni wa Mombasa. Mwanawe Sheikh Al-Amin bin Ali, aliyezaliwa 1891, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya na akaandika kwa Kiarabu tarehe ya Wamazrui. Mwana wa huyo akaitwa Ali, naye ndiye Profesa Ali Mazrui aliyefariki 2014. Alamin Mazrui aliyeandika tamthilia ya Kilio cha Haki ni mwingine kabisa, ingawa maktaba yenye haraka inaweza kuweka vitabu vyake na vya Sheikh rafu moja.

Kwa hiyo ningependa vitabu vya shule vya Kenya vipange mambo ya 1895 kuanzia Takaungu, na viandike jina la mdai wa kiti kwa ukamilifu wake, Mbaruk bin Rashid bin Khamis. Yeye ndiye aliyeanza. Alidai haki iliyomhusu yeye na ndugu zake, na vita vyote vile, kutoka Gonjoro hadi Mwele hadi mpakani, havikuibadilisha hata kidogo hukumu ya Kampuni. Kiti cha Takaungu kilibaki kwa Rashid bin Salim, mjukuu mwingine wa Khamis.