Simu ya "GB 4+4": kerneli inavyogawa kumbukumbu, na kwa nini programu hujifunga

Swali hili limekuwa likitufikia kwa namna nyingi, kutoka Kibiti mjini, Bungu, Nyamisati hadi visiwa vya Delta. Mtu amefungua programu ya kutuma pesa, amejaza kiasi, kisha ametoka kidogo kwenda WhatsApp kuangalia namba ya mnunuzi wa kamba. Akirudi anakuta programu imeanza upya na fomu ni tupu. Hapo anabaki akijiuliza: pesa imekwenda au haijakwenda? Na boksi la simu limeandikwa GB 8. Hizo GB 8 ziko wapi?

Ili kujibu inabidi tuingie ndani ya simu, kwenye daftari ambalo mwenye simu halioni kamwe. Wataalamu huliita jedwali la kurasa.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo vyote hupimwa kwa GB. Hifadhi ni pale zinapokaa picha, nyimbo na programu zenyewe. Ukizima simu havipotei. RAM ni pale kazi inapofanyika wakati simu imewaka. Ukizima, yote yaliyomo yanafutika. Muuzaji akisema "simu hii ina GB 64" anazungumzia hifadhi. Programu zinazojifunga zinahusu RAM.

Mgawaji wa RAM ni kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Simu zote za Android, iwe Tecno, itel au Samsung, zinatumia kerneli ya Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi huko Helsinki, Finland. Hata simu ndogo za batani zenye KaiOS, kama Smart Kitochi iliyouzwa na Vodacom hapa nchini, zimejengwa juu ya kerneli hiyo hiyo. Kwa hiyo tunayoyaeleza hapa yanahusu simu nyingi zilizoko mikononi mwetu.

Ghala na daftari lake

Chukua ghala la chama cha msingi wakati wa msimu wa korosho. Mtunza ghala hawezi kumpa kila mkulima kona yake, kwa sababu hajui nani ataleta magunia 5 na nani 50. Gunia linalofika linawekwa palipo wazi. La kwanza la mkulima fulani liko karibu na mlango, la pili liko nyuma kabisa, la tatu liko juu ya rundo la jirani. Mkulima hajali. Akisema anataka gunia lake namba 2, mtunza ghala anafungua daftari, anatafuta jina lake, anasoma mstari wa pili na kwenda moja kwa moja mahali lilipo.

Katika simu, kerneli ndiyo mtunza ghala na kila programu ni mkulima. Gunia ni ukurasa, kipande cha RAM chenye ukubwa mmoja usiobadilika: baiti 4,096, yaani KB 4. Simu yenye RAM ya GB 2 ina kurasa 524,288. Yenye GB 4 ina kurasa 1,048,576. Kila programu ina daftari lake peke yake, na namba inazozitumia si za mahali halisi. Hizo huitwa anwani pepe. Daftari ndilo linalozigeuza kuwa anwani halisi ndani ya RAM.

Tofauti na ghala ni kwamba kerneli huandika daftari tu. Msomaji ni prosesa yenyewe, na inasoma kila programu inapogusa kumbukumbu, mara mamilioni kwa sekunde. Kama ingelazimika kufungua daftari lote kila mara, simu ingekuwa nzito kupita kiasi. Ndiyo maana prosesa huweka mistari iliyosomwa karibuni kwenye akiba ndogo iliyo ndani yake. Akiba hiyo ina masharti: kerneli ikibadilisha mstari kwenye daftari, lazima iamuru ule wa zamani ufutwe kwenye akiba pia. Isipofanya hivyo, programu inaweza kwenda kwenye ukurasa ambao tayari umepewa programu nyingine. Makosa ya namna hiyo ndani ya kerneli ni ya hatari, na ni moja ya sababu za simu kuletewa masasisho ya usalama.

Daftari lenye ngazi

Hapa kuna hesabu inayofaa kuitazama taratibu. Kerneli ya simu nyingi za Android za biti 64 huweza kuipa programu moja eneo pepe la GB 512. Ndiyo, GB 512 kwenye simu yenye RAM ya GB 2. Ni eneo la kwenye karatasi, hakuna aliyelipa chochote. Lakini ukiligawa kwa kurasa za KB 4 unapata kurasa 134,217,728. Kila mstari wa daftari una baiti 8. Zidisha: daftari la programu moja lingekula GB 1 nzima ya RAM. Fungua programu mbili na ghala limejaa madaftari matupu, hakuna hata pa kuweka gunia.

Suluhisho ni kuligawa daftari kwa ngazi, mithili ya serikali zetu za mitaa. Hakuna anayeandika orodha moja ya kila nyumba ya Mkoa wa Pwani. Unaanza na wilaya, wilaya inakuelekeza kata, kata inakuelekeza kijiji. Katika simu hizo ngazi ni 3. Kila jedwali lina mistari 512, na 512 mara baiti 8 ni baiti 4,096, kwa hiyo jedwali lenyewe linaenea sawasawa ndani ya ukurasa mmoja. Jedwali la chini kabisa hutunza eneo la MB 2, la kati GB 1, na la juu GB 512. Mahali ambapo programu haijagusa, jedwali la chini halitengenezwi kabisa. Programu ndogo hubaki na majedwali machache, na majedwali ya simu nzima kwa kawaida huchukua makumi ya MB badala ya mabilioni ya baiti.

Ahadi kwanza, nafasi baadaye

Programu inapoomba kumbukumbu, kerneli hukubali haraka lakini haitoi kitu. Inaandika tu kwamba eneo fulani ni la programu hiyo. Siku programu inapogusa eneo hilo kwa mara ya kwanza, prosesa inakuta hakuna mstari, inasimamisha programu na kuita kerneli. Kerneli inatafuta ukurasa ulio wazi, inausafisha usibaki na data ya mtu mwingine, inajaza mstari, na programu inaendelea bila kujua kwamba ilisimamishwa.

Kuna ujanja mwingine unaotupendeza zaidi. Programu zote za Android huzaliwa kutoka kwenye programu mama moja iitwayo Zygote, ambayo tayari imebeba maktaba ambazo kila programu itazihitaji. Mtoto anapozaliwa hanakiliwi kila kitu. Madaftari ya wote huelekeza kwenye kurasa zile zile, zikiwa na alama ya "kusoma tu". Mmoja akitaka kuandika, hapo ndipo kerneli humtengenezea nakala ya ukurasa huo mmoja. Bila njia hii simu ya GB 2 isingeweza kubeba WhatsApp, Facebook na programu ya benki kwa pamoja.

Ubaya wa ahadi nyingi ni siku ambayo wote wanataka kilicho chao kwa wakati mmoja.

Ghala linapojaa

Kila mstari wa daftari, mbali na kuonyesha mahali, una alama kadhaa. Moja inasema ukurasa umeguswa karibuni. Nyingine inasema umeandikwa kitu kipya. Nafasi ikipungua, kerneli hupita ikizisoma alama hizo ili ijue nani wa kusogezwa.

Kurasa zisizobadilishwa, kama maagizo ya programu yenyewe, hutupwa tu, kwa kuwa nakala yake iko kwenye hifadhi na inaweza kusomwa tena. Kurasa zenye kitu kipya, kama fomu uliyoijaza nusu, haziwezi kutupwa hivyo. Simu za Android huzibana na kuziweka kwenye sehemu ya RAM iitwayo zRAM, ambako mara nyingi ukurasa hubaki nusu ya ukubwa wake au pungufu. Ukizihitaji, kerneli huzikunjua. Kazi hiyo inakula chaji na muda, na ndiyo ule mgando mfupi unaouona ukirudi kwenye programu uliyoiacha.

Ikishindikana, Android hufunga programu. Kuna orodha ya umuhimu: iliyo kwenye kioo inafungwa ya mwisho kabisa, redio inayocheza kwa intaneti huku ukifanya mambo mengine ina daraja la juu kiasi, iliyoachwa nyuma bila kazi inaondoka mapema. Programu ya pesa uliyoiacha ili uangalie namba iko kwenye kundi hilo la mwisho. Daftari lake linachanwa, kurasa zake zinarudi ghalani, na fomu yako inaondoka nazo. Tuongeze kwamba si kila mara kosa ni la RAM: programu nyingi za pesa hujifunga kwa makusudi zikiachwa kwa muda, ili aliyeokota simu asiikute iko wazi.

Hiyo "+4" kwenye boksi

Sasa turudi kwenye boksi. Tecno, Infinix, itel na wengine wana simu zinazotangazwa kwa maandishi kama "4GB+4GB", na pembeni namba 8 kubwa. Nne za kwanza ni RAM. Nne za pili ni sehemu ya hifadhi iliyotengwa ili kerneli ihamishie huko kurasa zisizoguswa. Mstari wa daftari unawekwa alama kwamba gunia halipo ghalani, limepelekwa stoo ya mbali.

Wazo lenyewe si la uongo, wala si jipya. Kompyuta ya Atlas ya Manchester, Uingereza, iliyozinduliwa mwaka 1962, ilikuwa na nafasi ya kurasa 32 tu kwenye kumbukumbu yake kuu, na iliyobaki ilikaa kwenye ngoma ya sumaku iliyokuwa ikizunguka. Kumbukumbu pepe ilianza hivyo. Lakini hifadhi ya simu ni ya polepole mno ikilinganishwa na RAM, na huchakaa kidogo kila inapoandikwa. Inasaidia programu ulizoziacha zisifungwe haraka; haifanyi simu ya 4 iwe simu ya 8. Kwa maoni yetu, kuandika 8 kwa herufi kubwa na maelezo yake kwa herufi za sisimizi si kumtendea haki mtu aliyeuza ufuta ili anunue simu.

Ukiwa dukani, iwe Ikwiriri au Kariakoo, fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, usome RAM kabla ya kutoa pesa. Ikiandikwa kwa alama ya kujumlisha, hesabu namba ya kwanza tu. Kwa Android, Google yenyewe tangu toleo la 13 inataka hata simu mpya za toleo dogo la Go ziwe na RAM isiyopungua GB 2. Ukikuta mpya ya GB 1, ujue ni ya mfumo wa zamani. Hifadhi ikikaribia kujaa nayo huivuta simu chini, hivyo futa video za makundi ya WhatsApp kabla ya kumlaumu fundi.

Kuna waliozoea kufuta programu zote nyuma kila baada ya dakika chache. Mara nyingi haisaidii: programu iliyofutwa ikifunguliwa tena huanza upya, daftari jipya, kurasa zote zisomwe tena, chaji iliwe. Kwa wanaochajia sola upande wa Delta hilo si dogo.

Na PIN yako je?

Jedwali la kurasa lina kazi ya pili ambayo sisi tunaiona kubwa kuliko ya kwanza. Mchezo uliopakua mtoto hauwezi kusoma PIN iliyoko kwenye kumbukumbu ya programu ya pesa, kwa sababu kwenye daftari la mchezo hakuna mstari hata mmoja unaoelekeza huko. Hauwezi hata kuitaja anwani hiyo.

Ukuta huo umewahi kupasuka. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha VU Amsterdam na wenzao walionyesha shambulio waliloliita Drammer: kwa kuzisoma sehemu fulani za RAM kwa kasi mfululizo, waliweza kugeuza biti za jirani zilizokuwa ndani ya jedwali la kurasa kwenye baadhi ya simu za Android, na hivyo programu ya kawaida ikajiandikia daftari lake yenyewe. Mwaka 2018 ikaja Meltdown, iliyowalazimu watengenezaji wa kerneli kutenganisha majedwali ya kerneli na yale ya programu. Yote mawili yalijibiwa kwa masasisho. Kwa hiyo ujumbe wa kusasisha mfumo ukitokea, usiufunge kila siku. Subiri siku yenye bando na chaji.

Kwa muamala wenyewe, kabla hujaingia kwenye programu nakili namba ya mpokeaji, ikibidi kwenye karatasi. Simu ikiwa nzito tumia menyu ya kupiga, kama *150*00# kwa M-Pesa, ambayo haihitaji programu kubwa kukaa kwenye RAM. Na fomu ikipotea katikati, usirudie kutuma hadi uangalie salio na meseji ya uthibitisho, kwa sababu kufungwa kwa programu kwenye simu hakufuti ombi ambalo tayari limefika kwenye mtandao.