Sullivan, J. M.

Mwingereza aliyekuwa Kamishna wa Polisi wa Zanzibar Mapinduzi ya 12 Januari 1964 yalipotokea. Baada ya uhuru wa 10 Desemba 1963, serikali mpya iliwaachisha kazi polisi wengi wenye asili ya bara. Hapo ndipo jeshi la polisi lilipovunjwa nguvu, maana baadhi ya walioachishwa kazi walijiunga na waasi. Katika mapinduzi, kambi za polisi za Ziwani na Mtoni zilitekwa pamoja na silaha zake. Sullivan alishikilia kituo cha polisi cha Malindi mpaka hali ikawa haina tumaini tena, kisha akatembea na askari wake hadi gatini, wakaondoka kwa boti. Baada ya mapinduzi Tanganyika ilipeleka polisi Zanzibar, hivyo wakapungua Dar es Salaam. Tarehe 20 Januari wanajeshi wa Tanganyika katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakaasi, na maduka jijini yakaporwa.