Mchungaji wa Kokkola: Anders Chydenius na Uhuru wa Kazi, Biashara na Maandishi

Imezoeleka kusemwa kwamba fundisho la uhuru wa mtu binafsi katika uchumi, yaani kwamba serikali iwe na mipaka na kila mtu aachwe kuchagua kazi yake na kuuza mazao yake apendavyo, lilizaliwa nje ya Kanisa, na kwamba Kanisa lililipokea baadaye kwa shingo upande. Jina linalotajwa kwanza huwa ni la Adam Smith wa Scotland, ambaye kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1776. Katika makala haya tunakusudia kumtazama mtu aliyeandika kwa Kiswidi mengi ya mambo hayo mwaka 1765, miaka kumi na mmoja kabla ya Smith. Mtu huyo hakuwa mfanyabiashara wala profesa. Alikuwa mchungaji msaidizi wa Kilutheri katika usharika wa mashambani wa Alaveteli, magharibi mwa Finland, nchi ambayo wakati ule ilikuwa sehemu ya ufalme wa Uswidi.

Anders Chydenius alizaliwa tarehe 26 Februari 1729 huko Sotkamo, ambako baba yake alikuwa mchungaji. Baada ya miaka ya utotoni katika sharika za mbali za kaskazini, jamaa yake ilihamia Kokkola, mji mdogo wa bandari. Alisoma Turku na Uppsala, na mwaka 1753 akaanza utumishi wake Alaveteli. Huko, pamoja na kuhubiri, alikausha vinamasi, akajaribu mazao mapya, akawachanja watu dhidi ya ndui na kuwapasua macho wenye mtoto wa jicho. Twayataja haya kwa sababu yanaonyesha ni macho ya namna gani yaliyoiangalia sheria ya biashara ya nchi yake: yalikuwa macho ya mtu aliyeingia katika nyumba za wakulima na kujua kilichomo ghalani mwao.

Kilichomo, mara nyingi, kilikuwa lami. Wakulima wa sehemu zile waliishi kwa shamba dogo na kwa msitu. Waliuchuna msonobari gome kidogo kidogo kwa miaka kadhaa, mpaka utomvu ukajaa katika mti. Kisha wakaukata, wakaupasua vipande, na kuuchoma polepole katika tanuri la shimo mpaka lami ikachuruzika. Ilikuwa kazi ngumu ya jamaa nzima. Lami hiyo ndiyo iliyopakwa katika merikebu za mbao za mataifa makubwa ya bahari, na bila hiyo merikebu zingeoza. Mtu angedhani basi kwamba wakulima wale walikuwa matajiri. Lakini tangu karne ya 17 sheria ilikataza miji ya Ghuba ya Bothnia kupeleka merikebu zake ng’ambo au kupokea merikebu za kigeni. Lami ilipaswa kupitia Stockholm kwanza, na wafanyabiashara wa Stockholm ndio walioipangia bei. Chumvi, ambayo bila hiyo mtu wa kaskazini hawezi kuhifadhi samaki wala nyama yake kwa majira ya baridi, nayo ilirudi kwa njia hiyo hiyo, bei ikiwa imepanda. Hivyo mkulima alipunjwa alipouza na akapunjwa tena aliponunua, na yote mawili yalifanywa kwa mujibu wa sheria.

Katika Bunge la Uswidi lililokutana mwaka 1765 na 1766, Chydenius alitumwa Stockholm kama mjumbe wa wachungaji. Yafaa tukumbuke kwamba Bunge lile lilikuwa na mabaraza manne: makabaila, wachungaji, wenyeji wa miji, na wakulima. Wachungaji basi hawakuwa watazamaji wa serikali. Walikuwa sehemu yake. Mchungaji huyu wa shamba alipigania haki ya miji ya pwani yake, na mwaka 1765 miji ya Kokkola, Vaasa, Oulu na Pori ilipewa ruhusa ya kufanya biashara na nchi za nje. Hakuishia hapo. Mwaka huo huo aliishambulia sheria ya 1724 iliyozuia merikebu za kigeni kuleta bidhaa zisizo za nchi zao wenyewe, ambayo yeye aliiona kuwa chanzo cha udhaifu wa taifa. Kisha akatoa kijitabu chake kinachojulikana zaidi, Faida ya Taifa.

Hoja ya kijitabu hicho ni nyepesi kuieleza. Utajiri wa taifa ni kazi ya watu wake. Kila mtu, akiachwa huru, hutafuta mwenyewe mahali na kazi ambayo jasho lake litazaa zaidi, na faida za watu wote zikijumlishwa ndizo faida ya taifa. Serikali ikitoa ruzuku kwa kazi fulani, au ikiifungia kazi nyingine, haiongezi mikono ya watu. Huihamisha tu kutoka kazi yenye faida kubwa kwenda kazi yenye faida ndogo, na tofauti hiyo hulipwa na mtu mwingine. Zaidi ya hayo, Chydenius ataka tuulize ni nani mwenye ujuzi wa kuamua. Mbunge aliyeketi Stockholm anajuaje kama mtu wa Alaveteli achome lami au alime shayiri?

Hapa mwanafunzi wa theolojia hana budi kusimama kidogo, kwa kuwa Luther hakufundisha hivyo. Katika maandishi yake ya mwaka 1524 juu ya biashara na riba, Luther aliona kuwa njia bora ingekuwa mamlaka kuweka watu wenye hekima na uaminifu wa kukadiria gharama na kupanga bei za haki, ingawa alikuwa na mashaka kama jambo hilo lingetekelezwa. Hata katika kitabu chake cha mwaka 1523 juu ya mamlaka ya dunia, ambacho wapenzi wa serikali yenye mipaka hupenda kukitaja, mpaka uliowekwa ni wa roho: mtawala asiguse imani, lakini mwili na mali viko chini ya sheria zake. Chydenius aliusogeza ua huo. Kwa maoni yetu hakufanya hivyo kwa kumdharau Luther, bali kwa sababu aliona kitu ambacho mwaka 1524 hakikuwa kimejaribiwa kwa kiasi hicho. Luther aliwahofia wafanyabiashara walafi na kutumaini watawala wangewazuia. Chydenius alizaliwa katika nchi ambamo ulafi ulikwisha kuingia ndani ya sheria yenyewe, na mlafi alikuwa na cheti chenye muhuri. Kwake ukiritimba haukuwa dawa ya uchoyo, ulikuwa ni makazi yake.

Kutokana na hayo twaelewa kwa nini alithamini sana uhuru wa kuchapisha. Ikiwa sheria mbaya hudumu kwa sababu wanaoumia hawasikiki, basi kalamu ni lazima ifunguliwe. Chydenius alifanya kazi kubwa katika kamati iliyotayarisha sheria ya tarehe 2 Desemba 1766, ambayo ilifuta cheo cha mkaguzi wa maandishi na kuwapa raia haki ya kuziona na kuzichapisha nyaraka za serikali. Kwa sheria hiyo Uswidi ilizitangulia nchi nyingine za Ulaya.

Yeye mwenyewe hakuwapo Bungeni sheria ilipotiwa sahihi. Vita vya miaka ya 1757 hadi 1762 vilikuwa vimeijaza nchi noti zilizopungua thamani, na chama kilichotawala Bunge kiliazimia kuirudisha fedha katika thamani yake ya zamani. Chydenius alikuwa wa upande wa chama hicho, lakini aliandika kwamba jambo hilo lingewaangamiza wenye madeni, na kwamba ni afadhali thamani ya wakati ule ikubaliwe na kuimarishwa. Kwa kuupinga uamuzi wa Bunge hadharani, aliondolewa na baraza lake mwenyewe, yaani na wachungaji wenzake.

Wanaomsifu leo kama mtangulizi wa Smith hupenda zaidi maandishi ya 1765. Sisi twaona kwamba kipimo cha moyo wake kiko katika kijitabu cha mwaka 1778 juu ya haki za asili za mabwana na watumishi. Sheria ya Uswidi ilimlazimisha mtu asiye na ardhi wala kazi maalum kujifunga kwa bwana kwa mkataba wa mwaka, na mishahara iliwekewa kikomo. Mabwana, waliolalamika kwamba watumishi ni wachache na ni ghali, walitaka sheria ikazwe zaidi. Chydenius, ambaye tangu 1770 alikuwa mchungaji kiongozi wa Kokkola na hivyo ni bwana mwenye watumishi, alijibu kwamba mtumishi amezaliwa na haki ile ile aliyo nayo bwana wake, na kwamba bei ya jasho lake ni juu yake kuipatanisha. Mtu anayedai biashara huria kwa mwenye merikebu lakini si kwa kijakazi, alikuwa kwake mtetezi wa upendeleo tu. Hapo hakushinda. Utumishi wa lazima uliendelea Uswidi mpaka mwaka 1885.

Katika Bunge lile lile la 1778 na 1779 alitoa hoja kwamba wageni wa dini nyingine waruhusiwe kuabudu kwa uhuru nchini. Baraza la wachungaji lilipinga. Hoja ilipita kwa nguvu ya mabaraza mengine na kwa kupendezwa kwa Mfalme Gustav III, na amri ya kuvumiliana ikatolewa mwaka 1781. Makasisi wengi walimhesabu kuwa amewasaliti, na si vigumu kuelewa kwa nini: upendeleo wa mwisho aliougusa ulikuwa wa Kanisa lake.

Alifariki Kokkola tarehe 1 Februari 1803, akiwa bado mchungaji wa usharika ule. Jambo moja katika sheria ya 1766 halikuondolewa: maandishi ya kitheolojia yaliendelea kukaguliwa na konsistori za Kanisa. Kwa hiyo kijitabu juu ya biashara ya lami kiliweza kuchapishwa bila kibali cha mtu yeyote, lakini Chydenius alipotaka kutoa mahubiri yake juu ya Amri Kumi, hayo yalipaswa kupita mbele ya wachungaji wenzake kwanza.